Kuku wa teriyaki siku za kazi: sosi ya chupa au tuchanganye wenyewe?

Mafiati_Jioni: Wakuu, habari za jioni. Natoka kazini saa kumi na mbili, baridi ya Mbeya mnaijua, na watoto wanataka wawe wameshakula kabla ya saa mbili. Walikula kuku wa teriyaki, ule wa Kijapani wa sosi tamu ya soya, kwa shangazi yao Dar, tangu hapo nyumbani hakuna amani. Ninunue sosi ya teriyaki ya chupa supamaketi, au nichukue soya sosi ya kawaida nichanganye mwenyewe? Na kuku awe broila au kienyeji? Nina jiko la gesi na kikaango basi.

Mama_Uyole: Changanya mwenyewe, mdogo wangu. Zile za chupa nyingi zina wanga ndani, zinakaa juu ya nyama kama gundi, halafu utamu wake huwezi kuupunguza. Mapaja manne yanatosha na hii: vijiko vinne vya soya sosi, vinne vya maji, viwili vya sukari au asali, kimoja cha siki, tangawizi ya kukwaruza. Chumvi usiweke kabisa. Kitunguu saumu ukipenda, ingawa hicho ni mazoea ya Marekani zaidi. Wajapani wao wanatumia soya sosi, sukari, sake na mirin, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia.

Mnyalu_Kihesa: Kamwene. Sake ni pombe ya mchele, sisi Iringa tuna ulanzi, pombe ya mianzi, mnahangaika nini? 😄 Natania, ila mtogwa, ulanzi mbichi ule mtamu, ningeujaribu badala ya maji. Chupa mimi siipingi: siku umechoka, inaokoa. Ipunguze makali kwa maji na ndimu.

Mzee_wa_Tukuyu: Broila hana ladha. Kienyeji.

Mama_Uyole: Shikamoo mzee. Kienyeji Jumatano usiku? Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, kwa hiyo nyama inachelewa kuiva. Jogoo mgumu atakula gesi mpaka watoto walale.

Mzee_wa_Tukuyu: Marahaba. Nani kasema umchemshe siku hiyohiyo? Mchemshe Jumanne usiku, supu mnywe asubuhi na chapati, jioni unakaanga vipande tu na kumwagia sosi.

Mnyalu_Kihesa: Hapo mzee kashinda kwenye ladha, ila ngozi iliyochemshwa haikauki vizuri, na teriyaki bila ngozi iliyokauka ni mchuzi tu. Broila, mapaja, siyo kidari. Kidari kinakakamaa ukichelewa dakika mbili.

Ngozi chini kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, usiiguse. Ikiiva inajiachia yenyewe. Ukiona inang'ang'ania, bado. Geuza, funika, mpaka ukichoma karibu na mfupa maji yatoke meupe. Mwaga mafuta yote, ndipo umimine sosi. Wengi wanaiweka mwanzo, sukari inaungua, ndani nyama mbichi. Mapovu yataanza madogo, yakigeuka makubwa na mazito pitisha mwiko katikati: njia ikikaa wazi kidogo kabla ya kujifunga, zima. Ikipoa itazidi kuwa nzito.

Mafiati_Jioni: Ndaga fijo, asanteni sana. Na wali?

Mama_Uyole: Mchele wa Kyela, maji na chumvi kidogo. Nazi acha, itagombana na soya. Pembeni kabichi la kukaanga harakaharaka, basi.

Mafiati_Jioni: Nachukua broila kwa katikati ya wiki, ya mzee naiweka Jumamosi. Chupa naacha. Nikichanganya sosi nyingi Jumapili itakaa?

Mnyalu_Kihesa: Ichemshe, ipoe, weka friji kwenye chupa yenye mfuniko, wiki moja haina shida. Ila iliyogusa kuku mbichi usiirudishe humo.

Mzee_wa_Tukuyu: Jumamosi mnakula saa ngapi?