Naomba ushauri: kazi za wiki nzima na burudani za jioni

Ndugu zangu, salaam. Ninafanya kazi siku tano kwa wiki, na mara nyingi natoka ofisini jua likiwa limekwisha kuzama, lakini kuna mambo matatu ambayo moyo wangu haukubali kuyaacha: matamasha ya muziki, mpira wa miguu na michezo ya kuigiza.

Mpira haunisumbui sana, kwa kuwa dakika 90 na mapumziko ya dakika 15 hupangika. Michezo ya kuigiza ndiyo inayonitesa. Katika kumbi nyingi anayechelewa husubiri nje hadi mapumziko, kwa hiyo kikao kimoja cha jioni kinachorefushwa huniharibia onyesho nililokuwa nimelinunulia tiketi mwezi mzima kabla. Juzi niliingia sehemu ya pili, nikaketi bila kuelewa kwa nini yule mama jukwaani alikuwa analia, na kwa kweli iliniuma. Matamasha nayo huisha usiku sana, ilhali mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na kesho yake makosa yangu kazini huongezeka.

Je, mnaona ni busara nimweleze msimamizi wangu mapema kwamba jioni fulani sitaweza kubaki, au nihamishie kila kitu mwishoni mwa wiki, ingawa hapo familia nayo inanihitaji? Ningependa hasa kusikia kutoka kwa waliowahi kuzungumza na wakubwa wao kuhusu jambo hili, na walitumia maneno gani.