Majirani Barabara ya 14: mbwa wa gereji

Jumatatu

17:58 Mama Zuhura: Assalam alaykum. Mbwa mwekundu wa gereji ameuma watoto wawili sasa hivi, kona ya msikiti, wakitoka madrasa. Mmoja ni Rehema. Wa pili simjui. Wanasema mvulana, kanzu ya kijivu, alikimbilia Barabara ya 15. NI MTOTO WA NANI?

17:59 Mama Zuhura: Mama Rehema, sabuni na maji yanayotiririka. Dakika 15 za saa, si za kukisia. Mtu mmoja amimine kwa jagi, mwingine aoshe taratibu mpaka ndani ya matundu ya meno. Sabuni ya mche yatosha.

18:03 Mama Rehema: Naosha. Matundu mawili kwenye shavu la mguu, moja linatoa damu. Bibi yake anataka tumtie mafuta ya taa

18:04 Mama Zuhura: Asitie. Wala pilipili, wala tumbaku, wala majivu, vinaunguza nyama bure. Virusi vya kichaa cha mbwa vina utando wa mafuta, sabuni ndiyo inayouvunja. Ukimaliza paka ayodini kama ipo. Usifunge kwa kubana.

18:06 Hamisi Bajaji: Mbwa naye kaja Tanga, waja leo warudi leo 😂😂

18:06 Saidi Duka: 😂😂

18:07 Mama Zuhura: Hamisi, bajaji iko wapi? Nataka usafiri.

18:09 Baba Joni: Poleni sana. Mbwa wangu Simba amechanjwa lakini

18:10 Mama Zuhura: Kadi iko wapi? Ya tarehe gani?

18:14 Baba Joni: Natafuta

18:15 Mama Rehema: Hata ile siku ya kuku ulisema unatafuta.

18:15 Baba Joni: Ya kuku yalikwisha mbele ya mwenyekiti.

18:16 Mama Rehema: Yalikwisha kwako.

18:17 Saidi Duka: Na ile elfu tatu tatu ya chanjo ya mbwa, mpaka leo hatujasomewa hesabu. Tuanzie hapo.

18:17 Mama Zuhura: Saidi, si sasa. Mtoto wa pili ni wa nani??

18:20 Kassim: Tuko wanne na marungu. Huyo mbwa tunammaliza sasa hivi

18:22 Mzee Mhina Mifugo: Msimuue. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache kabla ya kuonyesha dalili, na akishaugua hachukui muda, anakufa. Ndiyo maana tunamhesabia siku 10. Akifika siku ya 10 anakula, anakunywa, mzima, basi siku aliyouma mate yake yalikuwa salama, na daktari anaweza kuwasimamishia watoto sindano. Mkimuua leo hatutajua kitu, watoto watamaliza dozi yote. Na ikilazimu auawe, asipigwe kichwani. Maabara inapima ubongo.

18:25 Mzee Mhina Mifugo: Afungwe kwa mnyororo, kamba ataitafuna. Awe ndani ya ua, geti lifungwe, bakuli la maji lisukumwe kwa fimbo. Angalieni sauti kubadilika, udenda, taya kulegea, kutafuna mawe na mbao, miguu ya nyuma kuyumba. Na yule anayepoa akajilaza gizani, hawezi kumeza, ndiye anayedanganya watu. Wanadhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono mdomoni.

18:27 Hamisi Bajaji: Basi paka wa Saidi naye apimwe, anatafuna mbao toka Ijumaa 😂

18:28 Mzee Mhina Mifugo: Paka naye huambukizwa, Hamisi. Mbuzi na ng'ombe pia. Kama kuna mbuzi aliyeumwa leo tuambiwe, na maziwa yake mabichi yasinywewe.

18:31 Kassim: Mzee, kwani tukiua wote wa mtaani si yanaisha?

18:33 Mzee Mhina Mifugo: Hayaishi. Ukiua, wengine wanahamia, na waliochanjwa umewaua pamoja nao. Hapo ng'ambo Pemba waliumaliza ugonjwa huu 2014, ukaingia tena 2016, 2018 wakauondoa mara ya pili. Kwa kuchanja. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hauna pa kupita.

18:36 Saidi Duka: Mimi najua kilichoguswa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kidonda nacho kingepata udongo kidogo

18:37 Kassim: *Ujumbe huu umefutwa*

18:41 Mzee Bakari: Waalaykum salaam. Ile saba na udongo ni ya chombo alichokilamba mbwa. Kidonda cha mtoto hakitiwi udongo. Mama Rehema aende hospitali usiku huu, asingoje kukuche. Hamisi ampeleke, nauli naitoa mimi. Mbwa asiguswe. Ya kuku na ya elfu tatu yawekeni.

18:41 Hamisi Bajaji: Sawa babu. Nawasha.

18:42 Kassim: Sawa mzee.

18:44 Mama Zuhura: Ahsante babu. Mama Rehema, piga simu hospitali ya Bombo kwanza uulize chanjo ipo, usizunguke zahanati moja moja. Waambie kidonda kimetoa damu. Maana yake vitu viwili: chanjo, na ile dawa ya kinga inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Chanjo inapigwa begani, haipigwi takoni, pale haishiki vizuri.

18:47 Mama Zuhura: Leo ni siku ya 0. Inayofuata Alhamisi, kisha Jumatatu ijayo. Kama ni sindano ya msuli kuna ya mwisho kati ya siku ya 14 na 28. Fuata kadi, usifuate hali ya mtoto. Wengi huacha baada ya dozi mbili kwa sababu mtoto anacheza, kidonda kimekauka. Ugonjwa huu mara nyingi hukaa miezi miwili mitatu kimya, na dalili zikishatokea hakuna tiba.

18:52 Mama Zuhura: Hospitali wataandika upande wa mtoto. Upande wa mbwa ni wetu, kwa mtendaji, naye ampe afisa mifugo wa kata, leo leo. Nimeandika saa, mahali, rangi ya mbwa, mwenyewe, walioumwa, na kwamba HAKUCHOKOZWA. Hilo la mwisho lisiachwe, mbwa anayeuma bila kuguswa anatiliwa shaka zaidi. Ofisi ikiwa imefungwa tupige 199, ni bure. Nani ataipeleka karatasi?

19:20 Mama Zuhura: Nani?

19:58 Mama Zuhura: Watu 43 humu ndani.

21:26 Mama Tatu: Nimewasha simu sasa hivi. Kanzu ya kijivu ni Abuu wangu 😢 Alisema kakwaruzwa tu kwa jino, hakuna damu. Nimempaka mafuta ya nazi kalala

21:27 Mama Zuhura: Mwamshe. Sabuni, maji, dakika 15, hata kama muda umepita. Mkwaruzo usio na damu nao unachanjwa, ila hauhitaji ile ya kwenye kidonda.

21:29 Mama Tatu: Baba yake yuko baharini mpaka kesho. Sina hata mia

21:31 Hamisi Bajaji: Ndiyo tunatoka na Rehema. Kapigwa zote mbili, kalia sana. Kadi imeandikwa Alhamisi. Naja kwako, Mama Tatu.

21:34 Baba Joni: Kadi hii hapa *(picha)*

21:38 Mzee Mhina Mifugo: Hii ni ya mwaka juzi, Baba Joni. Inatakiwa kila mwaka. Siku 10 ziko palepale. Nani atamwangalia kila asubuhi na jioni?

21:40 Baba Joni: Nitamfunga leo. Ila Jumatano mpaka Ijumaa niko Handeni

21:41 Mama Zuhura: Kassim?

21:55 Mama Zuhura: Kassim, naona umesoma.

22:02 Saidi Duka: Karatasi ilete dukani asubuhi, nikipata nafasi nitaifikisha inshallah

22:03 Mama Zuhura: Nimesema leo, Saidi. Napiga 199.

22:04 Hamisi Bajaji: Mama Tatu, fungua, niko nje