Waebrania: kabla au baada ya mwaka 70?

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa somo la Waraka kwa Waebrania, nimekwama kwenye tarehe. Mwandishi hajitaji, na Origen, mwanateolojia wa karne ya tatu, alishasema Mungu pekee ndiye amjuaye, kwa hiyo hapo sisumbuki.

Wengi huuweka kabla ya mwaka 70, Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu, kwa kuwa sura ya 10 inazungumzia dhabihu kana kwamba bado zinatolewa na Hekalu halijabomolewa. Lakini nimemsoma Yosefo, mwanahistoria Myahudi aliyeandika baada ya Hekalu kuanguka: naye anaeleza dhabihu kwa wakati uliopo!

Je, hoja hiyo bado ina uzito? Na ukiacha barua ya Klementi wa Roma (kiongozi wa kanisa la mwanzo), inayoutumia waraka huu na hukadiriwa kuwa ya mwaka 96 hivi, kuna ushahidi gani mwingine wa kuubana muda?