Uliyewahi kufanya taekwondo, hapkido au ssireum, michezo ya mapambano ya Korea: tupeane uzoefu. Ulikuta kipi cha kale na kipi cha juzi?

Mkanda Mchafu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Nilianza taekwondo nikiwa darasa la sita, Temeke, ndani ya darasa la shule ya msingi. Jumamosi tunarundika madawati ukutani, tukimaliza tunayarudisha. Mwalimu alikuwa anahesabu Kikorea. Siku ya kwanza akapaza sauti: "Hana!" Nikamnong'oneza jirani yangu: hana nini? Akanijibu: "Hana ada." Tukacheka, tukapigishwa pushapu ishirini, nazo zikahesabiwa hana, dul, set, net mpaka mikono ikatetemeka. Hadi leo nikisikia mtu anasema "huyu hana", mguu unataka kuondoka wenyewe.

Mwalimu alitwambia sanaa hii ina miaka 2000. Tukaamini, na tukawa tunatamba nayo kwa vijana wa karate. Miaka mingi baadaye ndiyo nikajua kwamba jina lenyewe "taekwondo" lilipitishwa Aprili 1955, na aliyelipigania ni Jenerali Choi Hong Hi, mtu aliyejifunza karate akiwa mwanafunzi Japani. Na mmoja wa waliofungua vyumba vya kwanza vya mazoezi Seoul, Lee Won-kuk wa Chung Do Kwan mwaka 1944, naye pia alitoka na karate Japani. Korea ilikuwa chini ya Wajapani tangu 1910 hadi 1945, kwa hiyo si ajabu. Ila niliumia kidogo, kama mtu aliyegundua kanga aliyorithi kwa bibi imechapwa India.

Sasa nyie mliopita huko, tiririkeni. Yaliyokukuta wewe mwenyewe, siyo ya kunakili mtandaoni.

Kisauni2

Mkanda, kanga ikichapwa India haiachi kuwa ya bibi. Jina inalo kwetu.

Yangu ni haya. Nilianzia Mombasa kwenye klabu ya ITF, moja ya mashirikisho mawili ya taekwondo duniani, nikafika mkanda wa buluu. Nikahamia Nairobi kikazi, nikatafuta klabu karibu na nyumba, nikakuta ni ya WT, lile shirikisho la pili. Mimi sikujua kuna mbili. Nikaambiwa onyesha unachokijua, nikapiga fomu yangu (mfululizo wa hatua za kukariri) kwa ule mtindo wetu wa kunyanyuka na kushuka kila hatua. Kocha akanitazama hadi mwisho, akaniuliza: "Ndugu, mbona unapanda na kushuka kama ngalawa?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikavishwa mkanda mweupe, nikaanza upya na watoto wa shule.

Ugomvi wenyewe ni wa wakubwa. Choi aliunda ITF Seoul mwaka 1966, akakosana na serikali ya Park Chung-hee, mwaka 1972 akahamia Kanada. Huku nyuma Seoul ikafungua Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo, mwaka huohuo, na 1973 ikaunda shirikisho jingine, ambalo leo linaitwa World Taekwondo. Hilo la pili ndilo lililoingia Olimpiki. Sisi wa Mombasa tuliokuwa tunavaa glavu na kupigana ngumi za uso tukabaki na mila zetu. Kule WT ngumi ya uso ni kosa, na kwa mtu aliyezoea, mkono unajikuta umeshafika kabla akili haijakataa. Nilikatwa pointi hadi refa akanizoea.

Kitu kimoja sikukiacha: fomu ya Joong-Gun. Ina hatua 32. Niliifanya miaka miwili kama mtu anayekariri namba ya simu. Kumbe ni jina la Ahn Jung-geun, aliyempiga risasi Ito Hirobumi, kiongozi mkubwa wa Japani, pale Harbin mwaka 1909, akanyongwa na Wajapani mwaka uliofuata katika gereza la Lushun. Choi aliweka 32 akihesabu kuwa ndio umri wake alipouawa. Tangu nijue, hatua ya mwisho siimalizi haraka.

Mzee wa Chang'ombe

Miaka 2000 ni hadithi ya kuuzia viingilio. Mada imeisha, fungeni.

Mkanda Mchafu

Mzee, wewe ulifanya mchezo gani?

Mzee wa Chang'ombe

Bao.

Mpemba wa Daegu

Hahaha, Mzee. Mimi nipo Korea mwaka wa nne, nasoma, niongeze na ya huku kwao.

Kwanza, mkija msitegemee kuona mababu wenye ndevu juu ya mlima. Dojang, yaani ukumbi wa mazoezi, niliyojiunga nayo ipo ghorofa ya tatu, chini yake duka la kuku wa kukaanga. Saa tisa alasiri basi dogo la manjano linawamwaga watoto waliochukuliwa shuleni. Mwalimu, yaani sabum, anawafungisha kamba za viatu, anawarukisha kamba, anawauliza kama wamefanya kazi za shule, halafu ndiyo mateke. Wazazi wako kazini, na sabum ndiye mlezi wa jioni. Darasa la watu wazima lilikufa kwa kukosa watu, wengi wanasema waliishiba taekwondo jeshini. Nikawekwa na wa miaka minane. Kitoto kimoja cha kike chenye mkanda wa poom, huo mweusi na mwekundu wa walio chini ya miaka kumi na mitano, kilinisahihisha nyayo kwa kunisukuma kisigino na kidole gumba cha mguu wake. Mimi na ndevu zangu. Nikasema ahsante mwalimu, kikafurahi wiki nzima.

Hapkido nayo, sanaa ya kukunja viungo na kurusha mtu, ina mizizi hapahapa Daegu. Choi Yong-sool (siyo yule jenerali) alirudi kutoka Japani baada ya vita, akawa anafuga nguruwe. Wanasimulia kwamba mwaka 1948 alikuwa kwenye foleni ya makapi ya nguruwe katika kiwanda cha pombe, wakataka kumwonea, akawarusha mmoja mmoja. Mtoto wa mwenye kiwanda aliona dirishani, akamwita juu, akawa mwanafunzi wake wa kwanza. Nilijaribu miezi mitatu. Mwezi mzima wa kwanza ni kujifunza kuanguka tu. Kifundo cha mkono kilinivimba hadi nikawa nakula wali kwa kushoto. Mama angeniona angenitoa ukoo.

Lakini mkiniuliza cha kale nilichokigusa kwa mikono yangu, ni ssireum, mieleka ya Kikorea. Sikukuu ya Chuseok, chuo kilitupeleka uwanjani, duara la mchanga, wakatualika wageni. Unafungwa satba, kitambaa kinachozunguka kiuno na paja la kulia, mmoja mwekundu mmoja wa buluu. Mnapiga magoti uso kwa uso, bega la kulia kwa bega la kulia, hadi sikio lako lipo kwenye shingo ya mwenzako. Mkono wa kulia unashika kiunoni pake, wa kushoto unashika kile kitanzi cha pajani. Halafu mnainuka pamoja, taratibu, hakuna kuachia. Mpaka hapo hakuna aliyefanya lolote, na wewe tayari umeshachoka.

Niliyepangiwa naye alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mfupi, ananukia vitunguu saumu. Nikajisemea huyu nitambeba kama gunia la karafuu. Filimbi ikalia. Nikavuta. Hakusogea. Nikavuta tena, naye akavuta pumzi nami nikaisikia tumboni mwake, kisha dunia ikageuka. Nilichokumbuka ni mchanga mdomoni. Sheria ni fupi, chochote kuanzia goti kwenda juu kikigusa chini umeshindwa, na mimi niligusa kwa kila kitu. Mzee akanipangusa mgongo kwa mikono miwili kama mtu anayekung'uta mkeka, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akauliza huko mna mieleka? Nikamwambia tunao ng'ombe, Pemba tunawacheza kwa kamba. Akafurahi kupita kiasi, maana bingwa wa ssireum zawadi yake ya kale ni fahali.

Mchezo huu Korea Kusini na Kaskazini kila mmoja aliuombea UNESCO kivyake, mwaka 2018 yakaunganishwa maombi yakaandikwa kwa pamoja. Ndio urithi wa kwanza wa nchi hizo mbili kuandikwa hivyo.

Taekkyon, mchezo wa kale wa mateke wa hukuhuku, niliiangalia tu, sikucheza. Ni kama ngoma. Miguu inachora pembetatu, mabega yamelegea, unadhani wanatania, ghafla mmoja amefagiliwa kifundo yuko chini. Ilibakia kwa uzi mwembamba sana. Mzee Song Deok-gi, aliyezaliwa 1893, ndiye aliyeibeba kutoka enzi za wafalme hadi serikali ilipoitambua mwaka 1983. Alifariki 1987. Fikirieni angetangulia miaka kumi.

Nyota Kayole

Nyinyi mnaongea ya wazee, mimi niliumizwa na ya kisasa.

Klabuni kwetu kinga za kifua zilikuwa za kawaida, zimeshonwa na kushonwa tena. Ukipiga teke, refa anasikia *paa*, unapata pointi. Nilikuwa na teke la duara ambalo wasichana walikuwa wanalikimbia. Nikafika mashindano fulani makubwa kwa mara ya kwanza, nikavishwa kinga ya umeme na soksi zenye sumaku. Nikampiga yule dada mbavuni hadi akaguna. Ubao: sifuri. Nikarudia. Sifuri. Yeye ameinua mguu wa mbele hewani kama kuku kwenye mvua, ananigusagusa tu, mbili, mbili, mbili. Teke langu lilikuwa linafikia kwa mfupa wa mguu, na mashine inataka unyayo pale penye sumaku.

Nilikaa chini nikajifunza hesabu upya: ngumi ya kifua 1, teke la kifua 2, la kichwa 3, la kuzunguka kifuani 4, la kuzunguka kichwani 5. Ndio maana kwangu hakuna kama Cheick Cissé, Rio 2016. Ameachwa nyuma, sekunde ya mwisho kabisa, anazunguka anampiga Muingereza kichwani. Côte d'Ivoire ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Nilipiga kelele hadi jirani akaja na rungu.

Mrundi wa Kirehe

Mimi sijui fomu hata moja. Niliishi kambi ya Mahama, Rwanda, na pale Parfait Hakizimana, Mrundi mwenzetu mwenye ulemavu wa mkono wa kushoto, alikuwa anafundisha watoto taekwondo. Alikwenda Paralimpiki ya Tokyo na timu ya wakimbizi. Tuliangalia kwa simu moja, watu kama kumi na tano, chaji asilimia tisa. Alishindwa. Simu ikazimika. Watoto wakatoka nje wakaanza kuhesabu: hana, dul, set.

Kisauni2

Mpemba, hiyo satba ni kitambaa gani? Vijana wangu wa Jumapili ufukweni mchanga wanao tayari.

Mpemba wa Daegu

Pamba nzito, upana wa kushikika. Mimi na wenzangu tulijaribu hosteli kwa kanga mbili zilizosokotwa, zilichanika raundi ya tatu. Tafuta turubai la pamba. Na kanga za mama usiziguse.