Nichague viatu gani vya kazi vinavyoushika mguu barabara bila kuuvundika kwa joto?

Msimamizi wa Ghala aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninasimamia upokeaji na upakiaji wa mizigo katika ghala lenye sakafu ya zege na paa la bati. Zamu yangu ni ya saa tisa, na karibu zote huzimaliza nikiwa nimesimama au ninatembea. Kipindi hiki cha joto miguu imenielemea, nami nimeona heri niulize kabla ya kununua jozi ya tatu kwa kubahatisha.

Jozi ya kwanza ilikuwa raba nyepesi zenye soli laini kama godoro, nilizozipenda tangu nilipozijaribu dukani. Baada ya wiki chache nilianza kuamka na maumivu makali chini ya kisigino, hasa katika hatua zile za mwanzo ninapotoka kitandani. Nikishatembea kidogo yanapungua, kisha yanarudi jioni. Kwa jozi ya pili nilikwenda upande mwingine kabisa, nikachukua buti za ngozi nene zinazopita kifundo cha mguu, zenye bamba la chuma la kukinga vidole. Kisigino kilipata nafuu, lakini ifikapo saa nane mchana soksi huwa zimelowa chepechepe, na sasa ngozi iliyo kati ya kidole cha nne na cha tano imegeuka nyeupe, inawasha na kubanduka.

Wenzangu wananishauri nivae ndara ninapokuwa mezani na buti ninapotoka uwanjani, ila mimi huingia na kutoka mara nyingi mno, na troli za mizigo zinapita karibu na miguu yangu kutwa nzima. Je, kipo kiatu kinachoweza kuushika mguu vizuri na wakati huohuo kuuacha upumue, au ni lazima nichague moja kati ya hayo mawili? Na nikiwa dukani, nikitazame kwa vigezo gani?

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Pole sana, dada. Maumivu unayoyaeleza, yale yanayochoma katika hatua za kwanza za asubuhi, ndiyo dalili inayojulikana zaidi ya kuumia kwa utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda hadi kwenye mashina ya vidole. Utando huo ndio unaosaidia kushikilia uvungu wa wayo. Usiku mguu ukipumzika hujikunja, na asubuhi unapoukanyagia ghafla huvutwa pale palipoumia. Kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kabla ya kushuka kitandani, na kuviringisha wayo juu ya chupa jioni, husaidia wengi, lakini maumivu yakiendelea kwa wiki kadhaa ni vyema umwone daktari badala ya kuendelea kubadilisha viatu.

Hapo ndipo penye kosa ambalo nami nililifanya miaka ya mwanzo ya kazi, la kudhani kwamba ulaini ni msaada. Soli laini kupita kiasi humfurahisha mtu kwa dakika kumi za dukani, lakini kwa saa tisa mguu unazama na kuyumba ndani yake, na misuli midogo ya wayo inalazimika kufanya kazi ya kuuweka sawa kila hatua. Kwa hiyo nikishika kiatu hukibonyeza kwanza nyuma, mahali panapokumbatia kisigino, nikitaka pasibonyee kirahisi. Kisha hukishika ncha zote mbili na kukisokota kama anayekamua nguo, na kikisokoteka kwa wepesi nakirudisha. Mwisho hukikunja, kinapaswa kukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati ya wayo. Vipimo hivyo vitatu vinanitosha kuondoa sehemu kubwa ya viatu vilivyopangwa rafuni.

Kuhusu ngozi inayobanduka, maelezo yako yanafanana sana na fangasi wa miguuni, ambao hupenda kuanzia hasa hapo kati ya vidole vya mwisho kwa sababu ndipo pabanapo zaidi na pasipokauka. Dawa za kupaka zenye clotrimazole au terbinafine hutibu hali hiyo. Fuata muda ulioandikwa kwenye dawa na usiache siku ile tu ngozi inapoonekana imepona, kwani wengi huacha mapema na fangasi hurudi. Kausha kati ya vidole kwa taulo baada ya kuoga, na soksi zilizolowa zibadilishwe katikati ya zamu. Mimi huingia kazini na jozi ya akiba mkobani, na badiliko hilo peke yake lilinipa raha kuliko viatu vingi nilivyowahi kununua. Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kukaa nalo. Zile za nyuzi zinazolisafirisha jasho nje, au za sufu nyembamba ya kondoo wa merino, huifanya ngozi ikae kavu zaidi na kupunguza malengelenge.

Jambo moja la tahadhari kwa yeyote anayesoma hapa: mwenye kisukari, au aliyepungukiwa na hisia miguuni kwa sababu nyingine, asitegemee maumivu yamwambie kama kiatu kinambana. Aitazame miguu yake kila siku, na atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa.

Fundi wa Viatu alijibu:

Mwanangu, nimeshona na kukarabati viatu kwa muda mrefu, na swali lako ni zuri kwa sababu umetenganisha mambo mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya. Kuushika mguu ni kazi ya soli, ya sehemu ya kisigino na ya kamba. Kuupumzisha na joto ni kazi ya sehemu ya juu na ya bitana. Kwa hiyo havigombani. Unaweza kupata kiatu chenye mifupa migumu na ngozi nyepesi, ila itakubidi ukitafute kwa macho na vidole vyako mwenyewe.

Kwanza bitana. Watu hutazama ngozi ya nje na kusahau kilicho ndani. Nimefungua viatu vingi vyenye ngozi nzuri ya ng'ombe kwa nje, huku ndani vimetandazwa plastiki yenye mfano wa ngozi, na plastiki hiyo inatosha kuzuia mvuke wote wa jasho. Ngozi iliyopakwa rangi nzito inayong'aa kama kioo nayo hupumua kwa shida. Tafuta ngozi isiyofunikwa sana, yenye matundu ubavuni, au kitambaa cha wavu kilichofumwa imara na kuimarishwa kwa ukanda wa ngozi kuzunguka kisigino na ncha ya mbele. Weka kiatu kwenye mwanga na uchungulie ndani: matundu mengine ni pambo tu, yameishia kwenye bitana na hayafiki popote.

Pili kipimo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nunua viatu alasiri au jioni, baada ya kazi, ukiwa umevaa soksi zilezile utakazofanyia kazi. Mguu uliosimama kutwa huvimba kwa sababu maji ya mwili huteremka, na joto huongeza kwa kutanua mishipa ya damu. Kiatu kilichokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja huuzidi mwenzake, na ununue kwa kuufuata ule mkubwa. Acha nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali ni cha pili. Katika namba za Ulaya, hatua moja, tuseme kutoka 39 hadi 40, ni theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 7. Kwa hiyo kuongeza namba moja kunakupa urefu huo na upana kidogo tu. Kama kinachobanwa ni upande wa vidole vya mwisho, kama wako, usikimbilie namba kubwa. Tafuta kiatu chenye uso mpana. Kiatu kirefu mno huuacha mguu ukiteleza mbele na nyuma ndani ya jasho, na huko ndiko malengelenge yanakotoka.

Kamba zinasahauliwa sana. Tundu la mwisho juu, lile ambalo wengi hawaliingizi kamba, limewekwa kwa makusudi. Pitisha kamba kutoka tundu la chini yake kwenda hilo la juu upande uleule ili utengeneze kitanzi kidogo, kisha vusha kila ncha iingie katika kitanzi cha upande wa pili kabla ya kukaza. Kisigino kinakaa mahali pake hata ukilegeza kamba za mbele ili vidole vipate nafasi ya kuvimba.

Nimesikia muuguzi akisema habari ya kukibonyeza kiatu kipya, nami nakubaliana naye. Naongeza kwamba kibonyezwe na cha zamani pia. Sponji nyepesi iliyo katikati ya soli za raba nyingi hufa kabla ya soli ya chini kulika, kwa hiyo kiatu huonekana kizima ilhali hakina tena kinachopokea uzito. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelalia upande mmoja, muda wake umekwisha.

Mkaguzi wa Usalama Kazini alijibu:

Naongezea upande wa usalama, kwa sababu ushauri wa ndara, ingawa umetolewa kwa nia njema, haufai mahali panapopita troli. Viatu vya wazi haviwezi kukinga vidole, na ndara haishiki kisigino, jambo linalomfanya mvaaji akunje vidole kila hatua ili isimtoke. Mwenye maumivu ya wayo ndiye wa mwisho kupaswa kuivaa kwa saa tisa.

Viatu vyenye kinga ya vidole hutengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345, kinachotaka kinga hiyo ihimili pigo la joule 200, sawa na kitu cha kilo 20 kilichoangushwa kutoka karibu mita moja. Kiwango hakilazimishi chuma. Kinga za plastiki ngumu au za nyuzi zilizogandishwa hupita jaribio hilohilo, huwa nyepesi zaidi, na hazipitishi joto la jua kama chuma kinavyolipitisha. Kama kazi haina hatari ya kuangukiwa na kitu, kuna kiwango kingine, ISO 20347, cha viatu vya kazi visivyo na kinga hiyo.

Kilicho muhimu zaidi kwa swali lako ni herufi zilizochapwa kwenye kiatu. Wengi hununua S3 kwa kuamini kwamba namba kubwa ni bora kwa kila mtu. S3 imeongezwa uwezo wa sehemu ya juu kuzuia maji na wa soli kuzuia kutobolewa na msumari. Sehemu ya juu inayozuia maji kuingia kwa kawaida hupunguza pia upumuaji. Aliye ndani ya ghala kavu anaweza kutumia S1, ambayo haidaiwi kuzuia maji na hivyo hutengenezwa mara nyingi kwa wavu au kwa matundu ubavuni, au S1P kama kuna misumari sakafuni. Kifundo hakilazimiki kufunikwa. Ukiwa hupandi ngazi wala huendi kwenye ardhi ya mashimo, kiatu cha chini kinatosha na kinaacha hewa iingie.

Kwa kuwa unatoka pia uwanjani penye lami, angalia herufi HI, zinazoonyesha kwamba soli imepimwa kwa kuzuia joto linalotoka chini. Zisichanganywe na HRO, ambazo zinahusu soli ya nje kustahimili kugusana na kitu chenye nyuzijoto 300 kwa dakika moja. Hizo zinalinda soli isiharibike na hazikuahidi wewe ubaridi wowote. Kabla ya kununua, muulize mwajiri tathmini ya hatari za eneo lako inataka kiwango gani, na pia kama ni yeye anayepaswa kukupa viatu hivyo.

Msimamizi wa Ghala aliandika tena:

Ahsanteni sana, na shikamoo Mzee Fundi. Nimepima miguu jana jioni baada ya zamu, na wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa milimita 5, jambo ambalo sikulijua miaka yote hii. Buti zangu nimezigeuza nikakuta ni S3, na kazi yangu haina maji kabisa. Dawa ya kupaka nimeanza.

Nimebakiwa na maswali mawili. Nikipata kiatu cha S1 kinachonitosha, je, niweke ndani soli ya ziada ya kuinua uvungu wa wayo? Na hizi buti, ambazo bado ni nzima, nizitunzeje ili nizitumie siku za mvua bila fangasi kurudi?

Fundi wa Viatu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Soli ya ndani weka, lakini kwanza toa ile iliyokuja na kiatu. Ukizipanga mbili, mguu unapanda juu, kisigino kinatoka katika kikombe chake na vidole vinagusa kinga. Nenda nayo dukani na ujaribu kiatu ikiwa imo ndani. Chagua inayokuwa ngumu kidogo chini ya uvungu, na usikubali inayokuchoma. Ikikuuma siku ya kwanza, si lazima utazoea. Kwa viatu vyenye kiwango alivyovitaja mkaguzi, muulize mtengenezaji ni soli gani zinazoruhusiwa, kwa sababu baadhi huharibu sifa ambazo kiatu kimepimiwa.

Buti zitoe soli za ndani. Hizo ulizovaa wakati wa fangasi ni afadhali uzitupe, na utakazoweka badala yake uwe unazitoa na kuziosha kando. Jaza magazeti ndani usiku wa kwanza, uyabadilishe asubuhi, kisha ziache kivulini penye upepo kwa siku nzima kabla ya kuzivaa tena. Usizianike juani wala karibu na jiko, maana gundi inaachia na ngozi inakakamaa na kupasuka pale inapokunjika. Na hivyo viatu vipya, kama uwezo unaruhusu, nunua jozi mbili na uzivae kwa zamu, leo hizi na kesho zile, kwa sababu kiatu kilicholowa jasho kutwa hakikauki kwa usiku mmoja.