Domeni ikifa natukanwa mimi, nikikumbusha kulipa hakuna anayejibu

Wandugu tunaotengeneza tovuti, leo niacheni niseme.

Kuna papa (mzee) mmoja hapa Lubumbashi, anauza saruji, mabati na nondo. Nilimtengenezea tovuti, pamoja na barua pepe zenye jina la duka lake. Mwezi mmoja kabla ya domeni, yaani lile jina la tovuti mtandaoni, kuisha nikamwandikia WhatsApp. Tiki mbili za bluu, kimya. Wiki moja kabla, nikaandika tena. Siku yenyewe nikapiga simu: "Mtoto, niko barabara ya Kasumbalesa, tutaongea." Hatukuongea.

Domeni ikaisha, tovuti ikazimika. Wiki saba! Wiki saba nzima hakuna mtu dukani aliyejua haipo, maana wao wenyewe hawaifungui. Sasa, domeni ikizimika, barua pepe zake nazo zinazimika, na hilo ndilo watu hawataki kulisikia. Papa alikuwa amepeleka bei kwa kampuni inayohudumia migodi. Wakamjibu, jibu likagonga ukuta likawarudia. Kazi akapewa mwingine.

Hapo ndipo akanikumbuka, saa kumi na mbili ya asubuhi: "Weye, nilisha kukulipa! Siti (tovuti) yangu umeipeleka wapi?"

Ulinilipa kujenga, papa. Domeni hainunuliwi ikawa yako milele, inalipiwa kwa mwaka kama pango la nyumba. Kwa .com, ukiacha muda wa kusamehewa upite, inaingia kwenye siku 30 za kukombolewa, na hapo bei si ile tena. Dola 15 zikapita 100. Zikipita na hizo 30, siku chache tu inaachiwa, anaichukua yeyote anayewahi. Na nani alilipa? Mimi, kwa kadi yangu ya Visa, kwa sababu yeye ana Airtel Money tu na msajili wetu, kampuni inayotuuzia domeni, yuko ng'ambo, hapokei hiyo. Makuta yangu hayajarudi. Eti tutahesabiana kwenye kazi ijayo. Kazi gani?

Kwao tovuti ni kibao cha duka: fundi anapaka rangi, analipwa, anakwenda zake. WordPress, programu inayoendesha tovuti, inayotaka kusasishwa hawaioni. Cheti cha usalama wa tovuti cha Let's Encrypt kinachoisha kila siku 90 hawakioni. Ukitaja bei ya matunzo ya mwezi, unaambiwa kuna mtoto wa dada anajua ordinateri (kompyuta). Huyo mtoto wa dada (mteja mwingine huyu, si papa wa saruji) alipakua mandhari (sura ya tovuti iliyo tayari) ya wizi, ya bure, kumbe ina virusi. Baada ya siku chache kila aliyebonyeza "Bei zetu" akajikuta kwenye tovuti ya kamari. Nilikesha siku mbili nikifuta faili moja moja, umeme unakatika, namalizia kwa mega (bando) za simu. Malipo: "Asante sana, Mungu akubariki."

Picha nzito za MB 8 wanazonitumia na maandishi ya tovuti yanayotumwa kwa sauti ya dakika 11 sitayasema leo.

Ninyi wa Goma na Bukavu, mnafanyaje? Mnachukua pesa ya domeni ya miaka mitatu mbele? Mnasajili domeni kwa jina la mteja mwenyewe, halafu akipoteza neno la siri mnajificha wapi? Na asije mtu hapa kuniambia niwe mpole na wateja. Jana nilikuwa mpole hadi saa saba ya usiku.