MREJESHO: Lenzi ya mm 50 iliyokuwa inakosa fokasi

Wakuu nimerudi, niliuliza kwanini lenzi yangu ya mm 50 nikilenga macho yanatoka hafifu halafu masikio ndo yanatoka makali. Asanteni sana aisee.

Nilifuata ule ushauri wa traipodi na rula, kamera imetulia, rula imelazwa kwa mshazari, lenzi nimeifungua sana kwenye f/1.8, nikapiga kwa kuchungulia kwenye tundu la kutazamia halafu nikarudia kwa skrini, ya skrini ikatoka kali lakini ya tundu fokasi inaangukia nyuma, kwahiyo nikaingia kwenye menyu ya kamera nikaivuta fokasi mbele kidogokidogo na sasa macho yanakamata. Wenye mirolesi (kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani) hili haliwahusu sana, zile zinatafuta fokasi kwenye sensa yenyewe, yaani kile kipande kinachonasa picha.

Kufuta zile pini za nyuma ya lenzi zinazogusana na kamera hakukubadilisha kitu.

Kilichogoma ni kona ya kulia. Nimepiga gazeti lililobandikwa ukutani, maandishi ya upande huo yanafifia mpaka nifunge lenzi hadi f/8, na nikigeuza kamera juu chini kona mbovu ya fremu ni ileile. Nadhani kuna kioo kimoja ndani ya lenzi kimekaa upande, na menyu haiwezi kugusa hilo. Kwa picha za watu wala haionekani, naiacha hivyohivyo.